Anwani ya tovuti ni mali, isiachiwe fundi peke yake

Mfanyabiashara anayefungua duka Kariakoo huamua mwenyewe mambo mawili mapema: kibao kiandikwe nini, na ufunguo akae nao nani. Anapofungua tovuti, mfanyabiashara huyo huyo hujadili rangi, picha na malipo ya fundi, lakini anwani za kurasa humwachia fundi aamue. Matokeo yake ni kibao kisichosomeka na, mara nyingine, ufunguo ulioachwa mlangoni.

Chukua mfano wa ukurasa wa bei za mchele. Anwani yake inaweza kuishia hivi: /index.php?id=47&c=3&s=2. Inaweza pia kuishia hivi: /bei/mchele?mkoa=mbeya&kipimo=gunia. Zote mbili zinaweza kufungua ukurasa ule ule. Ya kwanza inaeleweka na kompyuta tu. Ya pili mteja anaweza kuisoma kwenye ankara, kumtajia mwenzake kwa simu, na kujua kilichomo kabla hajaifungua.

Utaratibu wake si mgumu. Kabla ya alama ya kuuliza hutajwa kitu chenyewe, yaani bei za mchele. Baada ya alama hiyo huja vigezo, ambavyo ni uchaguzi wa mteja: mkoa gani, kipimo gani, ianze bei ya juu au ya chini. Mteja akiondoa vigezo vyote, bado afike kwenye bei za mchele. Herufi ziwe ndogo, kwa sababu seva nyingi huhesabu Mchele na mchele kuwa ni anwani mbili tofauti. Maneno yaunganishwe kwa kistari, kwani nafasi tupu hugeuzwa kuwa %20 na kuharibu usomaji.

Wapo wanaodai kuwa hayo ni mapambo, kwa vile mteja siku hizi hugusa tu kiungo kwenye simu. Dai hilo lina ukweli nusu. Kiungo hicho hutumwa, huchapwa kwenye kalenda na mifuko, na huhifadhiwa kwa miezi. Wala gharama si kisingizio: programu ya mod_rewrite, inayoiwezesha seva ya Apache kupokea anwani safi na kuitafsiri kwa ndani, ipo tangu mwaka 1996.

Hasara kubwa zaidi huja pale anwani inapokufa. Mwekezaji mdogo anayetafuta hesabu za miaka mitatu iliyopita za kampuni aliyonunua hisa zake hufuata kiungo cha zamani na kuambiwa kuwa ukurasa haupatikani. Hesabu huenda bado zipo, ila kampuni imebadili fundi, na fundi mpya amebadili anwani zote. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa tovuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Onyo hilo halikusikika hata kwa wakubwa. Utafiti wa Jonathan Zittrain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kuwa nusu ya anwani zilizotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani hazikuwa tena na habari zilizokusudiwa.

Kisha kuna suala la ufunguo. Mwezi Mei 2019 ilifichuka kwamba kampuni ya First American ya Marekani, inayoshughulikia bima ya hatimiliki za nyumba na ardhi, ilikuwa imeacha wazi faili zipatazo milioni 885 za wateja wake. Aliyekuwa na kiungo cha hati moja aliweza kubadili tarakimu katika anwani akasoma hati ya mtu mwingine, bila kuulizwa yeye ni nani. Mwaka 2021 mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji nchini humo iliitoza kampuni hiyo faini ya dola 487,616. Kosa lililoadhibiwa linafaa kuangaliwa kwa makini: mafundi wa kampuni walikuwa wameigundua kasoro hiyo miezi kadhaa kabla, lakini wakuu waliotoa taarifa kwa umma hawakuwa wameambiwa.

Ndiyo kusema, anwani safi peke yake si kufuli. Namba ya akaunti, neno la siri na namba ya simu ya mteja havina nafasi katika vigezo, kwa sababu anwani husomwa, hutumwa na kubaki katika kumbukumbu za kompyuta. Na kwa hati yoyote ya faragha, seva lazima imtambue anayeiomba kila mara.

Mwenye biashara hahitaji kujifunza ufundi. Anachohitaji ni kudai vitu vitatu kabla ya kulipa: anwani anazoweza kuzisoma mwenyewe, uthibitisho kwamba kubadili namba katika anwani hakufungui mali ya mwingine, na orodha ya anwani zote za tovuti. Tovuti ikibadilishwa, kila anwani ya zamani katika orodha hiyo ielekezwe kwenye mpya kwa amri namba 301, inayojulisha kuwa ukurasa umehama moja kwa moja. Wahenga wa biashara walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha hiyo ndiyo daftari la tovuti, na ikae kwa mwenye mali.