Chai ya Zahanati Hulipwa na Maskini



Mwaka 1996 Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilieleza jinsi mwananchi wa Tanzania alivyolazimika kununua huduma iliyo haki yake, hospitalini pia. Ugonjwa huo haujatutoka. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaagiza wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo. Hata hivyo, yuko mama anayedaiwa "chai" akiwa katika uchungu wa uzazi.

Tusiwanyoshee kidole wauguzi peke yao. Wengi wao hukesha kwa uaminifu, pengine bila glavu wala dawa za kutosha. Lakini upungufu hauhalalishi kumkamua mnyonge. Nasi tunaotoa noti ili tuiruke foleni, tujiulize: nafasi ile tumemnyang'anya nani? Ni maskini aliyetutangulia kufika. Yeye ndiye mlipaji wa kweli. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji kama mpokeaji.

Tufanye nini basi? Tudai stakabadhi kwa kila malipo. Viongozi wa jumuiya wamsindikize mgonjwa asiye na mtetezi. Wajumbe wa kamati ya zahanati washuhudie dawa zikipokelewa, na mapato yasomwe hadharani. Anayeombwa rushwa apige simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Haki inunuliwapo, maskini ndiye wa kwanza kuikosa.