Msikilize Kabla Hujamwomba



Mwezi huu twapenda kunasihiana juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya kwa nia njema lakini kwa njia mbovu, nalo ni kuwaendea watu kuwaomba mchango wa kazi za dini.

Sisi wenyewe tumelikosea. Madrasa yetu hapa Heru Juu ilipohitaji mabati, tulimwendea mzee mmoja, mkulima wa kahawa. Nyanda hizi za Buha zina adabu yake ya maamkizi. Mtu akikwambia "Mwakeye" hutaraji ukae, umjulie hali yake, ya watoto, ya ng'ombe na ya shamba. Sisi tulimsalimu mbio mbio, tukafunua daftari, tukamsomea hesabu ya mabati na misumari. Mzee akatusikiliza kwa upole, akatupa kidogo, akatuaga. Njiani tukamwita bahili. Astaghfirullah!

Baada ya siku chache tulirudi bila ya daftari. Tukamwuliza alisomea wapi Kurani. Uso ukamkunjuka. Akatueleza jinsi alivyoshuka Ujiji kwa miguu, angali kijana, kutafuta chuo. Hatukumkatiza. Tulipomwuliza angependa wajukuu wake wasome vipi, alinyamaza kitambo, kisha akasema:

"Wanangu, mimi nilitoa mbao kwa madrasa hiyo hiyo. Hata leo hapana aliyekuja kuniambia zilifanya kazi gani."

Tuliona haya. Mbao zile ndizo milango wanayopita watoto kila siku! Tukampeleka akaiona, akaishika kwa mkono wake. Hakutoa kitu siku ile. Alitutaka tuwasomee watu mapato na matumizi baada ya swala ya Ijumaa. Tukafanya hivyo. Alipouza kahawa yake alileta mabati, wala hatukuwa tumemkumbusha.

Wasimulizi wa sira wametueleza kwamba Utba bin Rabia, mkubwa katika Makureshi, alimjia Bwana Mtume (S.A.W.) kumtolea mali na ufalme ili aache kulingania. Mtume alimwacha aseme hata mwisho, akamwuliza kama amemaliza. Ndipo akamsomea Suratu Fussilat. Ikiwa mpinzani alisikilizwa hivyo, ndugu yako Mwislamu je?

Lakini tahadharini! Kusikiliza kusifanywe chambo. Suratu Abasa ilishuka pale Mtume alipowaelekea wakubwa wa Makureshi, akamkunjia uso Abdallah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutaka ilimu. Basi mwenye kumpa tajiri sikio lake na kumpita maskini mlangoni, huyo amesikiliza mfuko, hakumsikiliza mtu.

Enyi vijana, mtakapotumwa kuchangisha, ulizeni swali ambalo kweli mwataka jawabu lake. Mkiambiwa kosa lenu, msifanye haraka kujitetea. Mkipewa, rudini mkaeleze kilichofanyika. Na mkinyimwa, rudini vile vile kumjulia hali mtu, kwani haki ya udugu haikatiki kwa kukosa fedha. Nasi wazazi tuwazoeze watoto haya majumbani, kwa kuwasikiliza wao kwanza.

Mwenyezi Mungu atupe masikio yenye kusikia na mikono yenye amana. Amin.