Hoteli za Turkana zilijengewa mgeni mwenye posho, si familia

KILA likizo ya Desemba inapokaribia, mjadala ule ule huzuka katika nyumba za Wakenya wenye uwezo: watoto wapelekwe wapi? Wachache walio na fedha na viza huitazama Ulaya, hasa bustani ya burudani ya Disneyland iliyoko mashariki ya jiji la Paris. Walio wengi huelekea Diani, Malindi au Naivasha. Ni nadra mno kumsikia mzazi akitangaza kwamba mwaka huu familia yake itakwenda Lokitaung.

Si kwamba Lokitaung hakuna cha kutazama. Katika mji huo mdogo wa milimani, kaskazini mwa kaunti ya Turkana, ndiko serikali ya kikoloni ilikowafunga Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba baada ya kuwahukumu huko Kapenguria mnamo Aprili 1953. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alifungwa huko pia. Kenyatta, ambaye umri ulikuwa umesonga, alipewa kazi ya kuwapikia wenzake. Kutoka gereza hilo ndiko ilikotoroshwa barua ya wafungwa ya kulalamikia mateso yao, ikachapishwa London katika gazeti la The Observer mnamo Juni 1958.

Mtoto wa Kenya hufundishwa majina hayo darasani na kutahiniwa. Lakini mzazi wake akitaka kumpeleka akaone kwa macho yake, swali la kwanza linalomkabili si la historia. Ni la malazi. Tutalala wapi?

Swali hilo laonekana dogo, ila ndilo linaloamua iwapo utalii wa Turkana utakuwa mali ya wananchi au utabaki kuwa maneno ya mikutano ya wawekezaji.

Tuanze na neno lenyewe. Katika miji yetu mingi, ‘hoteli’ ni mahali pa kula: chai, chapati, maharagwe na mbuzi wa kuchoma. Anayetaka kulala huuliza lojing'i au gesti. Atakayefika Lodwar na kuulizia hoteli anaweza kuelekezwa kwenye sahani ya samaki wa ziwani, na atakuwa hakudanganywa. Tofauti hii si ya maneno matupu. Inatukumbusha kwamba biashara ya kumlaza mgeni, na hasa mgeni aliyeandamana na watoto, haikuzaliwa na mahitaji ya wasafiri wa kawaida katika eneo hili. Ilizaliwa na mahitaji ya watu wengine kabisa.

Wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa misaada. Tangu mwaka wa 1989, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwalisha waathiriwa wa vita vya Sudan uliugeuza mji wa Lokichoggio kuwa kituo kikubwa cha ndege za misaada. Kambi za malazi zikachipuka kuwahudumia marubani, madaktari na maafisa wa mashirika. Mkataba wa amani ya Sudan ulipotiwa sahihi Januari 9, 2005, mashirika yalianza kuhamia Juba. Vitanda vilibaki, wageni wakaenda zao.

Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan na baadaye mataifa mengine, ilileta wageni wa aina hiyo hiyo. Kisha, Machi 2012, mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1. Wahandisi, madereva na wanakandarasi wakamiminika Lokichar na Lodwar, na kila mwenye kiwanja akaota ndoto ya kujenga vyumba. Mwaka wa 2013 ugatuzi nao ukaanza, ukaleta maafisa wa kaunti, warsha na semina zisizokwisha.

Wageni hawa wote walifanana kwa jambo moja: hakuna aliyelipa kutoka mfukoni mwake. Kila mmoja alikuja peke yake, akilipiwa na shirika, kampuni au serikali, na bei ya chumba ikapangwa kwa kuangalia posho yake. Ndiyo maana aghalabu utakuta kitanda kimoja, meza ya kuandikia, mtandao wa intaneti na ukumbi wa mikutano. Usichokipata kwa urahisi ni chumba cha baba, mama na watoto watatu. Familia ya watu watano hujikuta ikikodi vyumba viwili au vitatu, kila kimoja kwa bei ya afisa.

Hesabu hiyo ikifanywa mezani, safari hufa kabla ya mabegi kufungwa.

Hapa Ulaya inaweza kutufunza kitu, ingawa si kile ambacho wengi hudhani. Bustani ile ya Paris ilifunguliwa Aprili 12, 1992, mwaka ule ule ambao kambi ya Kakuma ilianzishwa. Wenyewe walijenga kwa pamoja hoteli sita na uwanja wa kambi, vyumba zaidi ya 5,000 kwa jumla, vikilengwa kwa familia. Walifikiri kwamba mgeni angelala hapo hapo usiku kadhaa. Badala yake, wengi walikuja asubuhi, wakacheza na kurudi Paris jioni. Vyumba vikakaa wazi, madeni yakapanda, na kufikia mwaka wa 1994 kampuni hiyo ililazimika kuokolewa na mabenki na wawekezaji wapya.

Funzo la kwanza ni kwamba hata tajiri mwenye jina kubwa hawezi kumlazimisha mgeni kulala. La pili ni kwamba mgeni hupima umbali kabla ya kupima godoro. Anayekwenda huko hujiuliza: je, nilipe zaidi nilale karibu na lango, au nilipe kidogo nipande basi kila asubuhi? Tofauti ni mwendo wa dakika chache.

Turkana swali ni hilo hilo, ila umbali ni wa kutisha. Lodwar, yenye vyumba vingi na uwanja wa ndege, iko karibu kilomita 700 kutoka Nairobi. Kutoka hapo hadi Lokitaung ni zaidi ya kilomita 150 kuelekea kaskazini, na njia hukatizwa na laga ambazo mvua ikinyesha hugeuka mito kwa saa chache. Kwa hivyo, anayechagua kulala Lodwar na kuitembelea Lokitaung kwa siku moja amechagua kuwaweka watoto garini kutwa nzima. Anayechagua kulala Lokitaung amechagua malazi ya kawaida kabisa, ya mji mdogo wa mpakani.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kujenga hoteli kubwa Lokitaung. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao. Turkana ina kumbukumbu ya majengo yaliyotangulia mahitaji. Kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Kugandisha samaki kulihitaji umeme na maji safi kwa kiwango ambacho jangwa halikuwa nacho, na ghuba walikovuliwa ikakauka. Jengo likabaki kuwa somo.

Maji na umeme ndiyo maswali ambayo mzazi mwerevu atauliza kabla ya kuulizia bei. Kwa miaka mingi Lodwar ilitegemea jenereta za dizeli, huku umeme wa bwawa la Turkwel ukisafirishwa kwingine. Katika mji ambako joto la mchana hupita nyuzi 35, feni inayozimika usiku wa manane ni tatizo la afya kwa mtoto mchanga. Vilevile, mwaka wa 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba chini ya tambarare za Lotikipi mna hifadhi kubwa ya maji. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba yana chumvi nyingi mno. Mgeni anayeoga mara tatu kwa siku sharti ajue kwamba kuna mama aliyetembea kutwa kutafuta mtungi mmoja.

Suala la usalama nalo halifai kufichwa kwa lugha ya matangazo. Barabara ya Kitale hadi Lodwar, hasa eneo la Kainuk, imeshuhudia mashambulizi ya majangili kwa miaka mingi, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kusaidia polisi katika kaunti za Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Upande wa Todonyang, kwenye mpaka wa Ethiopia, wavuvi waliuawa Februari 2025. Mzazi hapaswi kuogopeshwa na kila uvumi, lakini anapaswa kuuliza hali ya njia siku anayosafiri, kusafiri mchana, na kufuata ushauri wa wenyeji na wa polisi.

Hata ziwa lenyewe limebadilika. Maji ya Ziwa Turkana, sawa na ya maziwa mengine ya Bonde la Ufa, yalipanda katika miaka ya karibuni na kumeza sehemu za fuo, zikiwemo za Eliye Springs, ambako familia zimezoea kulala katika mabanda chini ya mikoma. Picha ya ufuo iliyopigwa miaka kumi iliyopita haitoshi kuwa msingi wa kulipa malipo ya awali. Mtu apige simu aulize: maji yamefika wapi, mamba huonekana upande gani, na watoto wanaogelea wapi?

Jambo jingine ni Kakuma. Baadhi ya wageni hutamani kuipitia kambi hiyo na kupiga picha. Ni kweli kwamba Kakuma ina soko lenye uhai, na utafiti wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) uliotolewa mwaka wa 2018 ulikadiria uchumi wake kuwa Dola milioni 56 kwa mwaka. Lakini ni makao ya watu waliokimbia vita, na kuingia kunahitaji idhini ya idara ya serikali inayosimamia wakimbizi. Mgao wao wa chakula ulipopunguzwa mwaka wa 2025 kulizuka maandamano. Kambi si bustani ya burudani. Atakayepita mjini ale chakula, anunue kitu dukani, aheshimu wenyeji na wakimbizi, kisha aendelee na safari yake.

Je, nini kifanyike? Kwanza, wenye hoteli za Lodwar wanapaswa kusoma alama za nyakati. Mashirika ya misaada yamepunguziwa fedha. Mafuta hayajaleta neema iliyoahidiwa, na kampuni ya Tullow iliamua mwaka wa 2025 kuuza mali yake ya humu nchini. Kile kilichoipata Lokichoggio baada ya mwaka wa 2005 kinaweza kuipata Lodwar. Chumba kimoja chenye vitanda vinne, kwa bei inayoelezwa wazi kwa familia, chaweza kuwa bima bora kuliko ukumbi wa pili wa semina.

Pili, serikali ya kaunti isiridhike na siku chache za tamasha la Tobong'u Lore. Tamasha hilo, ambalo jina lake ni mwito wa kurudi nyumbani, huwakutanisha Waturkana na ndugu zao wa jamii za Ateker kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na vyumba vya Lodwar hutafutwa kwa udi na uvumba. Wiki inayofuata mji hurudi katika ukimya wake. Hoteli haiishi kwa wiki moja.

Tatu, kuwe na njia ya historia inayoeleweka. Kapenguria, iliko kesi ile na ambako jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka wa 1993, iko kwenye barabara ya kwenda Lodwar. Kenyatta alihamishwa kutoka Lokitaung hadi Lodwar mwaka wa 1959, akaishi humo hadi alipopelekwa Maralal mnamo Aprili 1961. Kati ya Lodwar na Lokitaung ndiko Nariokotome, ambako mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.6 iliyopita. Lomekwi, palipopatikana zana za mawe za miaka milioni 3.3, haiko mbali na hapo. Ni bustani gani ya Ulaya yenye mali kama hiyo?

Nne, Lokitaung yenyewe ihudumiwe kwa mpangilio: gereza lihifadhiwe, barabara ipitike, maji yapatikane, usalama udumu, na vijana wa hapo wafunzwe kuwaongoza wageni na kuisimulia historia yao kwa ujira. Baada ya hayo, nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita, inayomilikiwa na wenyeji, yatosha kuanzia. Ikijaa, iongezwe.

Hoja si anasa ya wenye magari. Kijana wa Lokitaung anayemaliza shule leo hana ajira nyingi za kuchagua: mifugo inayokufa kwa ukame, uvuvi katika mpaka wenye risasi, au kuhama. Familia moja inayolala usiku mmoja mjini mwake hununua mkate, maziwa, samaki, mafuta ya gari na saa kadhaa za maelezo yake. Hayo ni mapato ambayo hayasubiri ndege ya misaada.

Kwa hivyo, mzazi anayepanga safari ya Turkana asiulize tu kama hoteli ina kidimbwi cha kuogelea. Aulize watoto watalala wangapi chumbani, jenereta huzimwa saa ngapi, maji hutoka wapi, na ni kilomita ngapi hadi kule anakokwenda. Wenye hoteli nao waanze kuwa na majibu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lokitaung imewahi kupokea wageni walioletwa kwa pingu. Sasa inangoja wale watakaokuja kwa hiari yao, wakiwashika watoto wao mkono.