Mifupa ya Mtwapa haitoi kitambulisho

Machi 2023, jarida la Nature lilitoa matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, 48 kati yao kutoka makaburi ya Mtwapa, pwani ya Kenya. Tangu hapo kila mwenye lake juu ya Waswahili amejipatia ushahidi.

“Imethibitika sasa, Waswahili ni Waajemi.” Hiyo ni nusu ya habari. Kuumeni, ndiyo, Uajemi umejaa, na watu walianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Uarabu ulizidi baadaye, baada ya 1500. Walioibeza hadithi kwamba Washirazi kutoka Uajemi ndio walioanzisha Kilwa wana la kujibu. Lakini kukeni, karibu wote ni Waafrika. Mgeni alishuka jahazini, akaoa kwa watu, na watoto wakakua na lugha ya mama yao. Hao ndio walioujenga mji.

“Basi Waswahili wote ni hao.” Tazama walikozikwa: makaburi ya mawe ya matumbawe, jirani na msikiti. Ni waungwana. Mvuvi na mtumwa hawakujengewa hivyo, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu. Hata Waswahili wa leo waliopimwa hawalingani: wengine wamerithi sana kwa watu hao, wengine kidogo mno.

“Mate ya kupimwa DNA ni yangu, nitampa nimtakaye.” Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaviweka vinasaba kwenye data nyeti, na ridhaa ni yako kweli. Ila ukijipima wewe, umempima na ndugu yako ambaye hakuulizwa.

“Serikali ipime DNA, mwenyeji ajulikane, ugomvi wa ardhi na vitambulisho uishe.” Hili ndilo linalonitisha, maana lilikaribia kuwa. Mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria ya usajili wa watu ili DNA ikusanywe, na Huduma Namba, namba moja ya usajili kwa kila mtu, ikaja juu yake. Waliokwenda mahakamani ni pamoja na Wanubi, watu wanaojua vyema kuhojiwa ukoo wao kabla ya kupewa kitambulisho. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kukusanya DNA hivyo ni kinyume cha Katiba.

Na tuseme ingeruhusiwa. Asili ya Kiafrika ya wale wa Mtwapa inafanana na ya watu waliozikwa Makwasinyi, kule bara Taita. Basi Mtaita naye aitwe kwenye mgao wa viwanja vya Mtwapa. Nionyesheni afisa wa ardhi atakayetia sahihi.