Fundi wa Ruanda naye atajwe kwa jina

Mgeni anayetafuta zawadi katika maduka ya Mji Mkongwe, Unguja, hukuta vinyago, vigoda, makapu na picha za rangi zimepangwa hadi kando ya njia. Akiuliza vimetoka wapi, mara nyingi hujibiwa kwamba ni vya hapa hapa. Wenyeji wa visiwani wanajua kuwa jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mkoba wa ukili na kofia ya viua ni kazi za Wazanzibari wenyewe. Lakini vitu vingi vya mti vilivyomo humo vimevuka bahari kutoka Bara, na jina la aliyevitengeneza limeachwa njiani.

Tunapenda leo kuifuata njia hiyo kwa kurudi nyuma hadi Ruanda. Hatusemi nchi jirani ya Rwanda. Twasema kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Iko kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, mpakani mwa Zambia, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Mbozi ni nchi ya kahawa na mahindi, na kwa hiyo mtu wa huko huandikwa mkulima katika kila daftari la serikali. Hilo ni sahihi, ila halitoshi. Mkulima huyo huyo, mavuno yakiisha, ndiye asukaye kapu la mianzi, achongaye mwiko na kigoda. Hana kiwanda wala chama. Hufanya kazi uani kwake na kuuza kwa apitaye.

Nchi hiyo haikuanza ufundi jana. Wanyiha waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo na kufua majembe, na kuelekea Ziwa Rukwa watu walisokota pamba na kufuma nguo zao wenyewe. Kazi hizo hazikufa kwa kukosa ustadi. Ziliuawa na jembe na kitambaa cha dukani, vilivyoletwa kutoka mbali kwa bei nafuu. Tunaikumbusha habari hiyo kwa sababu vitu vya plastiki vinafanya leo kwa kapu la mianzi kile kilichofanywa zamani kwa tanuri.

Wako waliosalimika. Kusini ya Mbeya, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu bila gurudumu, huvichoma kwa moto wa nyasi, na vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo karibu na Matema. Chungu cha Kikisi kinajulikana mbali sana na ziwa lile. Hata hivyo kinajulikana kwa jina la kabila tu; bibi aliyekifinyanga hajulikani, wala hakuna anayeweza kurudi kumwagiza cha pili.

Tofauti yake tunaiona kwa marehemu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuwa kibarua jijini Dar es Salaam na kuchora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Picha zake zilibeba jina lake, wanafunzi wake nao wakaandika majina yao, na mwaka 1990 wakaanzisha chama chao. Leo mgeni anayefika Unguja huitaja picha ya Tingatinga kwa jina la mtu. Mchonga kigoda wa Ruanda hajapata bahati hiyo, wala si kwa sababu mkono wake ni mzito zaidi.

Sasa tuwaelekee wahusika wa serikali. SIDO iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuviinua viwanda vidogo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 imetupa COSOTA kwa upande wa Bara, na sheria ya Zanzibar ya mwaka 2003 imetupa COSOZA. Jambo la hakimiliki si la Muungano, basi kigoda kikishuka bandarini Malindi kimeingia chini ya sheria nyingine. Hatuoni ubaya katika hilo. Ubaya ni kwamba fundi wa kijijini hajaambiwa habari za ofisi hata moja kati ya hizo mbili.

Mikopo ya halmashauri nayo, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imejengwa juu ya vikundi. Mfinyanzi na msusi hufanya kazi peke yao kwa asili ya kazi yenyewe. Kuwalazimisha wajiite kikundi ili wakopeshwe ni kuwafundisha kudanganya. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kuanzia mwaka 2018 kwa shilingi 20,000 navyo vilimtazama mtu kwa kipimo cha mauzo yake ya mwaka. Havikusema lolote juu ya alichokitengeneza.

Tunajua pia hofu ya fundi mwenyewe. Akijulikana na mnunuzi, atajulikana na mtoza ushuru, na wengi wameona heri kukaa kimya. Hofu hiyo si ya kipumbavu, na afisa atakayekwenda Ruanda na daftari ajue kwamba atapokewa kwa mashaka mpaka aonyeshe kuwa hakuja kutoza.

Ombi letu ni dogo. Halmashauri ya Mbozi iwaandikishe mafundi wake kijiji kwa kijiji, bila ada, kwa jina la mtu na la kazi yake. SIDO iwape muhuri mdogo wa kuchoma au kibandiko cha kufunga kwenye kapu, chenye jina la fundi na la kijiji. Na wenzetu wa visiwani, wenye maduka pamoja na wasimamizi wa utalii, wasikibandue kibandiko hicho kitu kikifika Unguja. Mgeni akiuliza kigoda kimetoka wapi, asomewe kilichoandikwa: Ruanda, Mbozi, na jina la aliyekichonga.