Brashi ya Hewa na Vifaa Vyake

Aundaye vifaru vidogo vya plastiki kwa kipimo cha 1:35, ambacho kwacho kifaru cha mita 7 huwa sentimita 20, aghalabu hutumia majuma mengi kuunganisha minyororo na mzinga. Kazi hiyo yote yaweza kuharibiwa na tone moja la maji siku ya kupiga rangi.

Hewa ishindiliwayo ndani ya kompresa hupata joto. Ipoapo mpirani, unyevu wake hugeuka maji. Kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa wakati wa masika, jambo hilo ni la kawaida. Basi mwenye fedha chache asikimbilie sindano za ziada, ambazo wauzaji huzisifu mno. Anunue kwanza kinasa maji, kisha kirekebisha shinikizo chenye geji. Kompresa yenye tangi ni bora zaidi, kwani hewa yake haitoki kwa mishtuko. Rangi ya akriliki iliyozimuliwa hadi ikawa nyepesi kama maziwa hutosheka na ratili 15 hadi 20 kwa inchi ya mraba.

Sindano ya milimita 0.3 hufaa kazi nyingi. Ile ya 0.2 huchora mabaka membamba ya maficho, lakini huziba upesi.

Barakoa yenye vichujio vya mvuke ni ya lazima; kitambaa hakitoshi. Rangi ya thina isipulizwe chumbani walalamo watoto, wala karibu na jiko la mkaa, maana mvuke wake hushika moto.