Damu Inapokutana na Mashine ya Moyo

Mtu aliyepasuliwa moyo aweza kuamka akiwa na homa na uso uliovimba, jamaa zake wakadhani kidonda kimeingia vidudu. Katika siku mbili tatu za mwanzo, mara nyingi sababu ni nyingine.

Ili daktari aushone moyo, aghalabu hulazimika kuusimamisha. Hapo kazi ya moyo na ya mapafu hufanywa na mashine ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio mara ya kwanza huko Philadelphia, Marekani, mwezi Mei 1953. Damu hutolewa mwilini, hupitishwa mipirani, hutiwa oksijeni, kisha hurudishwa. Hutiwa pia heparini isije ikaganda. Lakini damu imezoea kuta laini za mishipa, haikuzoea plastiki. Inapoigusa huiona kuwa ni adui aliyeingia. Chembe nyeupe huamka kupigana, mishipa midogo huvuja maji, mwili ukavimba na kupata joto. Hali hiyo, ambayo wataalamu huiita mchochota, ikizidi huweza kuyadhuru mapafu na mafigo.

Madaktari walitumaini kwamba steroidi kwa kipimo kikubwa zingeituliza. Lilikuwa tumaini la busara, ila lilihitaji kupimwa. Uchunguzi wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa wapatao 4,500, haukuthibitisha kwamba deksamethasoni hupunguza vifo na madhara makubwa. Mwaka 2015 ukatangazwa mwingine, wa wagonjwa 7,507 katika nchi 18. Methiliprednisoloni nayo haikupunguza vifo. Kumbe kutuliza uvimbe ni jambo moja, na kumponya mgonjwa ni jingine! Mafundi nao wamefupisha mipira ya mashine na kuipaka heparini kwa ndani, ili damu isishtuke sana.

Sasa turudi nyumbani. Mgonjwa aliyeunganishwa mishipa ya moyo akilalamika maumivu, usimnunulie ibuprofeni wala diklofenaki dukani, ingawa dawa hizo husifiwa kwa kuondoa uvimbe. Kwake yeye huongeza hatari ya shtuko la moyo na ya kiharusi, na huyaelemea mafigo ambayo bado yamechoka. Mwulizeni daktari kwanza; mara nyingi parasetamoli humtosha. Na ikiwa amekwisha kurudi nyumbani, kisha homa ikapanda, kidonda kikatoa usaha, au akahema kwa shida, mpelekeni hospitali usiku uo huo.